Kambini Sake, tulielewa kila walichosema

Kijiweni kwetu Gongo la Mboto, mtu akishajua kwamba nilikuwa Kongo huniuliza kama niliua. Anayefuata anauliza habari za dola. Hajatokea hata mmoja aliyetaka kujua tulilala juu ya nini, choo kilikuwa wapi, nani alipika, na mchana kutwa tulifanya nini wakati risasi hazilii. Na hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Mapigano yenyewe ukiyakusanya ni siku chache zenye kelele nyingi. Muda mwingine wote ni kambi.

Nilikwenda Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, mwaka 2013 nikiwa koplo. Kwa waliosahau: Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, wakaushikilia kwa siku kadhaa, kisha wakatoka na kukaa vilimani kaskazini ya mji. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi yenye ruhusa ya kuyafuata makundi yenye silaha na kuyapiga. Askari wake, kama 3,000, walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa brigedi alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Hayo ni ya wakubwa. Mimi kazi yangu ilikuwa lindo: kupanga zamu, kukagua seng'enge, kuhakikisha aliye langoni hajasinzia na anayempokea ameshaamka.

Kambi ilikuwa upande wa Sake, kilomita kama 25 magharibi ya Goma, kwa barabara inayoambaa na Ziwa Kivu. Mtu wa Dar akisikia Kongo anawaza msitu na joto. Kule ni baridi, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua inaingia bila hodi, na sehemu kubwa ya ardhi ni mawe meusi yaliyomwagwa na volkano. Ukigonga kigingi cha hema kinapinda. Kamba za mahema tulizifunga kwenye mawe makubwa, tukayaongeza kila upepo ulipotuonyesha kwamba hayatoshi. Handaki la koleo na sururu tulilofundishwa depo lilikuwa ndoto. Ilibidi tujijengee ukuta kwenda juu, kiroba cha mchanga juu ya kiroba, na mchanga wenyewe unafuatwa kwa lori. Soli za buti ziliisha kabla ya wakati. Soksi hazikauki, unazilalia ili joto la mgongo lizikaushe.

Usiku mlima Nyiragongo unatoa mwanga mwekundu mawinguni. Kijana mmoja wa Mtwara, siku yake ya kwanza lindoni, alikuja kunigongea hemani: "Afande, kuna kijiji kinaungua." Nikamwambia huo ni mlima, unaungua tangu babu yake hajazaliwa, arudi kwenye nafasi yake. Sikumlaumu. Mwaka 2002 mlima huo ulishusha moto wake hadi katikati ya Goma, na nyumba nyingi za mji zimejengwa juu ya mawe hayo hayo yaliyozimeza za zamani.

Sajenti meja wetu, mzee wa Kilwa, alikagua vyoo kabla ya kukagua silaha. Wageni walimcheka chini chini. Yeye alijua habari ya Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma na kipindupindu kikawaua kwa maelfu, maiti zikipangwa kando ya barabara kwa sababu juu ya mawe yale hakuna pa kuchimba kaburi. Ukitoka chooni bila kunawa, unafyeka, unabeba maji, na jina lako linatajwa gwaride la asubuhi mbele ya kombania nzima. "Askari anayehara na askari aliyepigwa risasi," alikuwa akisema, "wote wanabebwa na watu wanne." Sijasikia hesabu ya kijeshi iliyonyooka kuliko hiyo. Mpaka leo nyumbani kwangu ndoo ya kunawia ipo mlangoni, na watoto wananiita sajenti meja.

Chakula hakikuwa kibaya, kilikuwa kinachosha. Kuku wa barafu, mchele, maharage, mkate, kuku wa barafu. Ugali ukipikwa watu wanachangamka kama siku ya mshahara. Kilichotuokoa ni sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mwenzetu wa Kigoma alipowaona sokoni mara ya kwanza alisimama akacheka peke yake: walikuwa dagaa wa kwao. Na kweli ni wa kwao, wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1950, walitolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu. Tangu siku hiyo akawaita wahamiaji wenzake, na kila mpishi alipopewa ruhusa ya kununua, yeye ndiye aliyetumwa kuwachagua.

Sasa nije kwenye seng'enge, maana ndipo niliposhinda.

Wenzetu wa Afrika Kusini walihitaji mkalimani ili kuongea na wenyeji. Mtu akiwatukana, walimwona anapunga mikono tu. Sisi tulikuwa tunaelewa. Kiswahili cha Kivu kina lafudhi yake na maneno yake, lakini baada ya wiki chache hakikupiti. Mwanzoni tuliona ni bahati. Akina mama wanaouza viazi, kabichi na makaa walikuja kukaa upande wa pili wa waya, wakatusalimia, wakatuita Papa, yaani baba, tukajisikia nyumbani. Baadaye ndipo tulipojua gharama yake. Askari asiyeelewa anaweza kulala.

Tulifika Mei. Juni ikapita, Julai ikapita, brigedi inajipanga, inafanya doria na mazoezi, na M23 wako pale pale vilimani. Kati ya Goma na Sake kuna Mugunga, ambako watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wanaishi kwenye vibanda vya maturubai juu ya mawe. Hao ndio waliokuwa wanapita kwenye waya wetu wakienda kutafuta kibarua na kuni. Mama mmoja mnene, sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, alikuwa akipita kila asubuhi anatuambia bila kusimama: "Munakulaka, munalalaka, na sisi tunakufaka." Halafu anaendelea na safari yake. Kesho yake tena, maneno hayo hayo.

Vijana walikereka. Mmoja akataka kumjibu, nikamkataza. Ungemjibu nini? Kwamba tunasubiri amri? Kila alichosema kilikuwa kweli: tulikula, tulilala, na wao walikuwa wanakufa. Nilichowafundisha ni kumsalimia kabla hajaanza. "Shikamoo mama." Akatushangaa, akaitika, kisha akasema maneno yake kama kawaida. Lakini akawa anasimama kidogo, na akisimama anatuambia njia gani ina watu wasioeleweka, kijiji gani kimelala nje, nani kapotelewa na ng'ombe. Wakubwa wana ndege na mitambo yao ya kutazama. Sisi wa langoni tulikuwa na huyo mama. Wauza viazi wakichelewa kuja, tuliuliza kwa nini. Wasipokuja kabisa, niliongeza watu lindoni bila kusubiri kuambiwa, na afande wangu wa zamu hakuwahi kunipinga.

Mfano mmoja nauona hadi leo. Tulikuwa tunaanzisha kituo kipya cha lindo nje kidogo ya kambi, na tukapata bonde dogo zuri sana. Halina upepo, mtu akikaa mle haonekani kutoka barabarani. Vijana walishaanza kupanga viroba. Akapita mama mwingine, mzee, amebeba gunia la makaa mgongoni, mkanda umemkaa kwenye paji la uso namna wanavyobeba kule. Akatuona, akatua mzigo, akaja moja kwa moja.

"Papa, hapa hapana kulala. Mazuku iko."

Luteni, kijana aliyetoka chuo karibuni, akamwambia kwa heshima kwamba hapo ni eneo la jeshi. Mama hakubishana. Akauliza nani ana kiberiti. Akasokota karatasi, akaiwasha, akainama akaishusha polepole kuelekea chini ya bonde. Ilipofika usawa wa goti la mtu ule moto ukazimika ghafla, bila upepo, bila maji, moshi ukalala ubavu. Akawasha tena, ukazimika tena. Kisha akatuonyesha kwa kidole kwenye nyasi: ndege wawili wamekufa, na panya buku amekauka, mzima, hana jeraha.

Mazuku ni hewa nzito ya kabonidioksidi inayotoka ardhini kwenye maeneo yale ya volkano. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inakusanyika mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipokuwa na upepo. Mbuzi wanakufa humo, watu wanakufa humo, watoto kwanza kwa sababu ni wafupi. Sisi tulikuwa tumepanga vijana wawili walale mle chali, mmoja akipumzika, mmoja akiangalia barabara. Luteni alivua kofia akamshukuru, akaamuru kituo kihamishiwe juu kwenye upepo, ambako kila mtu alilalamika baridi hadi tunaondoka. Mama alikataa hela. Akaomba chupa tupu za maji, tukamjazia mfuko.

Chupa tupu, kwa kweli, zilikuwa fedha pale wayani. Wanawekea mafuta, wanawekea pombe, wanauza. Kuzitoa hakukuwa na neno. Biskuti ndizo zilikuwa shida. Askari mpya akimwona mtoto analia njaa anatoa pakiti ya biskuti, jambo la huruma kabisa. Kesho watoto ni kumi. Wiki ijayo hamuoni barabara kwa watoto, wanasukumana kwenye waya wenye miiba, mkubwa anamkanyaga mdogo, na gari la doria linashindwa kutoka. Halafu adui akitaka kujua idadi yetu anatuma mtoto. Na kuna jambo baya zaidi ya hilo, ambalo watu hawapendi kuliandika: chakula mkononi mwa mwanaume mwenye bunduki, mbele ya binti mwenye njaa, hakibaki chakula kwa muda mrefu. Amri ilikuwa kali kuhusu wanawake wa nje, na naiunga mkono kwa moyo wote. Niliongeza yangu kwa seksheni yangu: hakuna kutoa kitu chochote kupitia waya peke yako. Ukitaka kutoa, mpe kiongozi wa akina mama mchana kweupe, mbele ya mwenzako. Vijana waliniona mkali. Sawa.

Uzito wa kambi ni uchoshi. Kadi zilichezwa mpaka namba zikafutika. Tulikuwa na Simba na Yanga ya hapo kambini, tukigawana fulana za kijani na kombati, na refa ni padri wa kikosi kwa sababu yeye pekee hakutukanwa. Simu ilikuwa dawa na sumu. Mtu anapiga nyumbani Mbagala, anaambiwa mtoto ana homa, bati limevuja, shemeji kakopa, kisha anaingia lindoni na hayo yote kichwani. Nilijifunza kumuuliza kila anayepanda zamu: umeongea na nyumbani leo? Akijibu ndiyo kwa sauti ya chini, nampanga na mtu mwenye maneno mengi, ili asiachwe na mawazo yake saa nane ya usiku.

Kisha Agosti ikafika. Kuanzia tarehe 21 mapigano yalianza kaskazini ya Goma, upande wa Kibati, jeshi la Kongo mbele na brigedi pamoja nalo, na mabomu yakawa yanaangukia hata mjini. Mimi sikupanda mlimani, nilibaki na walinda kambi. Tulisikia mizinga tu, mchana na usiku. Kubaki nyuma kuna adhabu yake, maana unapanga zamu kwa majina ya watu ambao hujui kama watarudi kushika zamu. Tarehe 28 tulimpoteza Meja Khatibu Mshindo. Hakuna aliyekuja kututangazia. Tuliona maofisa wanaongea wamesogeleana sana, mmoja akaingia hemani akachelewa kutoka, na jikoni chakula kikabaki sufuriani.

Asubuhi akapita yule mama mwenye sauti. Vijana walikuwa wamekaza nyuso, wakisubiri wimbo wake. Alisimama, akafunga kanga vizuri, akasema: "Poleni, ba Papa. Poleni sana." Akakaa chini pale pale upande wa pili wa waya, kama mtu anavyokaa msibani, na wenzake wakaja wakakaa. Hawakuuza kitu asubuhi ile.

Mwisho wa Agosti M23 walirudi nyuma kutoka Kibati. Oktoba vita vikarudi, wakapoteza Kibumba, Rutshuru na Rumangabo ndani ya siku chache, na tarehe 5 Novemba wakatangaza kwamba wameacha. Baada ya hapo walianza kuja wanaojisalimisha. Mmoja tulikaa naye muda mfupi akisubiri gari la wahusika. Ndevu hazijaota. Nilimpa maji na uji, akala akiangalia beji ya bendera kwenye bega langu. Akaniuliza kama ni kweli Dar es Salaam unaweza kupanda daladala huku unaiona bahari. Nikamwambia ndiyo, ukipita barabara ya baharini. Akauliza nauli. Nilimtajia, akapiga hesabu kwa vidole. Kwa muda wote ule nilikuwa nimemwita adui kwenye taarifa zangu za lindo, na sikuwa nimewahi kufikiria kwamba tungeweza kuzungumzia nauli.

Kurudi Dar kulikuwa kazi nyingine, na hakuna aliyenipa mafunzo yake. Mtaani walidhani nimekuja na dola za kujenga ghorofa. Nilinunua kiwanja Chanika na bati, basi. Usiku ndio ulinisumbua. Saa nane nilikuwa wima, nimevaa, natembea kuzunguka nyumba, najaribu kila komeo. Mke wangu alivumilia, kisha akasema, "Baba nanihii, hapa hakuna zamu." Majirani wao walifurahi, maana walipata mlinzi wa bure na wizi wa kuku ulikoma. Singeli ya kwenye sherehe haikunisumbua hata kidogo; kilichonitoa jasho ni ukimya wa ghafla, umeme ukikatika na kila kitu kuzimika pamoja. Kilichonisaidia ni kumwambia mtu aliyekuwa kule. Tulikuwa watatu, tunakutana Jumamosi kwa supu Ukonga, tunaongea upuuzi wa kambini, nani alikoroma, nani alianguka chooni. Ningependa kila anayerudi apate watu wa namna hiyo mapema, asisubiri mpaka aanze kumfokea mtoto.

Desemba 2017 kambi ya wenzetu Semuliki, huko Beni, ilishambuliwa jioni ya tarehe 7. Miili ya askari 14 iliagwa pale Upanga. Nilikuwa nimeshastaafu. Mtu aliyewahi kupanga lindo anasoma habari kama hiyo tofauti na wengine. Nilijiuliza nani alikuwa zamu, nani alikuwa anaoga, nani alikuwa kwenye simu na nyumbani.

Siku hizi nasimamia ghala la mizigo Kurasini. Kupitia kazi hiyo nilifahamiana na mama mmoja wa Goma anayekuja kununua vitenge Kariakoo. Nilipomtajia Sake aliniangalia sana, kisha akasema alikuwa Mugunga mwaka ule, na mpaka leo ananiita Papa ingawa sidhani kama nimemzidi miaka mitano. Januari 2025, M23 walioibuka upya miaka michache kabla waliichukua Sake, na siku chache baadaye Goma. Wanajeshi wetu wawili walikufa mwezi ule. Tarehe 8 Februari marais wa Afrika Mashariki na Kusini walikutana hapa hapa Dar kuzungumzia vita hivyo. Mimi na mama tulisikiliza taarifa redioni tukiwa ghalani, tumekalia marobota yake ambayo hayakuwa na pa kwenda. Alitaka kuyapeleka Bukavu badala ya Goma. Kabla mwezi haujaisha Bukavu nayo ikaanguka.

Akaamua kuuzia hapa hapa. Nilimtafutia chumba Ilala, nikaenda naye kwa mjumbe, nikajitambulisha kuwa ndugu yake, na mjumbe hakuuliza undugu wa wapi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita. Mama alibishana naye kwa Kiswahili chake chote cha Kivu mpaka mzee wa watu akaanza kucheka, na tukamalizana kwa mitatu.